Mpinga Kodi au Mtetezi wa Miradi: Ulinganisho kwa Mpiga Kura wa Tanga

Anayepita Ngamiani msimu wa kampeni hukutana na wagombea wa aina mbili linapoguswa suala la fedha za umma. Wa kwanza huahidi kwamba akipita hatakubali kodi mpya wala tozo mpya, na kwamba atapigania kupunguzwa kwa matumizi ya Serikali, kuanzia magari ya kifahari hadi semina, safari na posho. Wa pili haahidi hivyo. Husema kwamba barabara ya mtaa, zahanati na mtaro wa maji ya mvua vina gharama, kwamba gharama hiyo lazima apatikane wa kuilipa, na kwamba yuko tayari kuunga mkono tozo ikiwa wananchi wataonyeshwa ilikokwenda. Makala haya yanawapima wawili hao kwa mizani moja bila kutaja chama, kwa kuwa aina zote mbili zimo katika vyama vyote, na wakati mwingine zimo ndani ya mtu mmoja, kutegemea mkutano anaouhutubia siku hiyo.

Niseme mapema ninakoelekea, ili msomaji anipime njiani. Kwa maoni yangu jibu la kura ya ubunge si jibu la kura ya udiwani. Mpinga kodi ana kazi ya maana Dodoma. Katika Baraza la Madiwani la Jiji la Tanga anaweza kutudhuru akiwa na nia njema kabisa.

Nani ana uwezo wa kufanya nini

Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kwamba hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na kutiliwa nguvu na sheria hiyo. Kwa hiyo kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya mishahara, ushuru wa mafuta na tozo za simu vyote ni mambo ya Bunge. Diwani hana hata kura moja juu yake. Mgombea udiwani anayesimama Makorora na kuahidi kushusha bei ya petroli anaahidi kitu ambacho ofisi anayoiomba haikigusi, na hilo pekee linatosha kumshusha alama.

Ibara inayosahaulika zaidi ni ya 99. Kwa mujibu wake, Bunge halishughulikii muswada wa kutoza kodi, au wa kubadilisha kodi kwa namna yoyote isipokuwa kuipunguza, mpaka Rais awe amependekeza jambo hilo na pendekezo liwe limewasilishwa na Waziri. Sharti hilohilo linahusu matumizi yatokayo Mfuko Mkuu wa Hazina: kuyaongeza kunahitaji pendekezo la Rais, kuyapunguza hakuhitaji. Msomaji na aisome tena sentensi hiyo, maana inabadilisha ulinganisho wote wa wagombea ubunge. Mbunge anayeahidi kuleta lami hana njia ya kuiandika lami hiyo katika bajeti kwa mkono wake. Anaweza kuomba, kushawishi, kung'ang'ania ndani ya kamati na kumfuata Waziri mpaka ofisini. Mbunge anayeahidi kupinga ongezeko la kodi, au kupunguza fungu fulani la matumizi, anaahidi jambo ambalo Katiba imemwachia mlango wazi.

Mlango huo, hata hivyo, ni mwembamba. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, na Ibara ya 71 inamwondolea ubunge yeyote anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini. Mbunge anayepinga kodi ndani ya chama chenye Serikali ana gharama ya kulipa, na mpiga kura ana haki ya kumwuliza kama yuko tayari kuilipa au atanyamaza pindi kamati ya chama ikimwita. Ukali wa jukwaani haujibu swali hilo. Kumbukumbu za Bunge, kwa aliyewahi kuwa mbunge, zinalijibu, kwa sababu zinaonyesha alichosema katika mjadala wa Muswada wa Sheria ya Fedha wa kila mwezi Juni.

Diwani naye ana uwanja wake. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, ndiyo inayoainisha vyanzo vya mapato ya halmashauri: ushuru wa huduma unaokatwa kama sehemu ndogo ya mauzo ya makampuni, ushuru wa mazao, ada za masoko, stendi, machinjio, leseni na vibali. Viwango vikubwa vimewekewa mipaka na Bunge. Ushuru wa mazao, kwa mfano, ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Yale madogo ya masokoni na mitaani hutungiwa sheria ndogo na Baraza la Madiwani lenyewe, kisha hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ili ayaidhinishe.

Kodi ipi anaipinga, na ya nani

Neno "kodi" linapotamkwa kwa jumla linaficha ugomvi wa ndani. Kodi moja inapopungua, nyingine inaweza kupanda mwaka uleule, na anayefurahia ya kwanza si lazima awe yule anayeumizwa na ya pili. Mwaka 2016 kiwango cha chini cha kodi ya mishahara kilishushwa kutoka asilimia 11 hadi 9, jambo lililowapa nafuu walimu na wauguzi wetu. Mwaka huohuo ada za huduma za kibenki na za kutuma fedha kwa simu ziliingizwa katika kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mwaka 2021 kiwango hicho cha mishahara kilishuka tena hadi asilimia 8, na tarehe 15 Julai ya mwaka huo tozo ya miamala ya simu ikaanza. Mfanyakazi mwenye hati ya mshahara aliweza kusema kodi imeshuka. Mama anayenunua samaki mnadani Deep Sea, ambaye hana hati ya mshahara wala hajapata kuiona, aliweza kusema kodi imepanda. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Tozo hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo iliyowafanya watu wengi wa kawaida waanze kuwasikiliza wanasiasa wapinga kodi. Ilianza kwa viwango vya shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kutegemea kiasi kinachotumwa au kutolewa, juu ya ada ambayo kampuni ya simu ilikuwa tayari inaikata. Kilichoudhi zaidi ya ukubwa wake kilikuwa mahali ilipogusa. Mchuuzi wa samaki akipokea malipo kutoka kwa mteja wa Korogwe, mteja amekatwa wakati wa kutuma. Akizitoa kwa wakala ili alipe barafu na kibarua, amekatwa yeye. Akimtumia nduguye wa Pangani mtaji wa kesho, amekatwa tena. Fedha ileile, ambayo bado haijawa faida ya mtu yeyote, ilikuwa inatozwa kila inapohama mkono. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hapa lilikuwa mtaji.

Kelele zilisikika. Septemba 2021 viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30. Juni 2022 kiwango cha juu kikashushwa kutoka 7,000 hadi 4,000, ingawa wakati huohuo tozo iliingizwa kwenye miamala ya benki. Kuanzia Oktoba 2022 baadhi ya makato hayo yakaondolewa. Na katika bajeti ya mwaka 2023/24 tozo ya kutuma fedha ikafutwa, ikabaki ile ya kutoa fedha taslimu. Mpinga kodi anayo haki ya kuitaja historia hii kama ushahidi kwamba kupinga kunazaa matunda.

Lakini historia haikomei hapo, na mgombea anayekomea hapo anatuficha nusu. Bajeti hiyohiyo ya 2023/24 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, juu ya shilingi 100 nyingine iliyokwisha kuongezwa mwaka 2021. Ilileta pia tozo ya shilingi 20 kwa kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, hata kwa mkazi wa jiji hili ambaye kiwanda cha saruji kiko Pongwe, karibu kabisa na nyumbani kwake. Kodi ya majengo, inayokatwa kwenye mita ya umeme, ikapandishwa kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Tozo ilitoka kwenye simu ikahamia kwenye tangi la bodaboda, kwenye ukuta unaojengwa na kwenye mita ya umeme. Mtu wa bodaboda anayetumia lita tatu kwa siku anachangia shilingi 600 kila siku kwa nyongeza hizo mbili za mafuta, na hana mahali pa kulalamikia, kwa sababu hakuna ujumbe wa simu unaomwambia amekatwa.

Hapo ndipo upinzani wa kodi unapopaswa kupimwa. Kuipinga kodi moja kwa jina ni kazi rahisi, nayo huishia kuihamisha. Mgombea aliyefikiri vizuri hutaja kodi anayoipinga, hutaja anayeilipa, kisha hutaja tumizi litakaloondoka ili pengo lisizibwe na kodi nyingine usiku wa manane wa Juni.

Matumizi yapi anataka yapungue

Wapinga matumizi wengi wana orodha moja: safari za nje, magari, sherehe, vitafunwa vya vikao. Orodha hiyo si ya kupuuzwa. Novemba 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, akaagiza shilingi bilioni 4 zilizotengwa zitumike kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam, na wananchi siku hiyo walishika mafagio. Hakuna Mtanzania wa rika langu asiyeikumbuka hatua hiyo, na kama ishara ilikuwa na nguvu kubwa kuliko fedha zake.

Hata hivyo, anayemtaja Magufuli kama mfano wa kupinga matumizi ya Serikali anapaswa kuisoma bajeti yake ya kwanza. Bajeti ya 2016/17 ilikuwa ya shilingi trilioni 29.5, na asilimia 40 ilielekezwa kwenye maendeleo. Aliyabana matumizi ya aina moja ili kuyapanua ya aina nyingine, na makusanyo yalisukumwa juu ili yabebe mzigo huo. Kwa hiyo mgombea akisema "nitabana matumizi kama Magufuli", swali halali ni kama anakusudia kubana kisha kurudisha fedha mfukoni mwa mlipakodi, au kubana kisha kuzielekeza kwenye mradi anaoupenda. Hizo ni siasa mbili tofauti, na ya pili inamweka karibu zaidi na mpinzani wake kuliko anavyokiri.

Upande wa mtetezi wa miradi nao una udhaifu wake, tena mkubwa. Hupenda kuonyesha majengo kana kwamba kila tofali ni ushahidi wa uzuri wa tozo. Madarasa mengi mapya ambayo wazazi wa Tanga waliyaona yakikamilika mwanzoni mwa mwaka 2022 yalijengwa kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, ambazo zilikuwa mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni kweli Serikali ilieleza kwamba tozo za simu zilichangia vituo vya afya na madarasa mengine. Mgombea anayesimama mbele ya darasa na kusema "hizi ndizo kodi zenu" awe tayari kuonyesha ni darasa lipi lililotokana na kodi na lipi litalipwa na watoto wanaolisomea. Tena mtetezi wa miradi mara chache hutaja gharama inayofuata baada ya utepe kukatwa, yaani mhudumu, dawa, umeme, paa litakalovuja. Zahanati isiyo na mganga ni matumizi ambayo mpinga kodi angekuwa na haki kabisa ya kuyapinga.

Waliokwisha kujaribu kwingine

Nchini Marekani, George H. W. Bush aliahidi mwaka 1988, mbele ya mkutano mkuu wa chama chake, kwamba hakutakuwa na kodi mpya. Mwaka 1990, akikabiliwa na nakisi kubwa na Bunge lililotawaliwa na chama kingine, alikubali makubaliano yaliyopandisha kodi, na mwaka 1992 wapinzani wake walimrudishia maneno yake mwenyewe mpaka akashindwa uchaguzi. Wengi husimulia kisa hicho kama onyo la kuvunja ahadi. Mimi nakiona zaidi kama onyo la kutoa ahadi isiyo na masharti, kwani nakisi aliijua tangu siku alipoahidi.

Jimbo la Kansas lilikwenda mbali zaidi. Gavana Sam Brownback alisaini mwaka 2012 upunguzaji mkubwa wa kodi ya mapato, akiamini uchumi ungekua kiasi cha kufidia pengo. Pengo halikufidiwa, mwaka 2017 wabunge wa jimbo hilo, wengi wao wa chama chake mwenyewe, walizirudisha kodi kwa kuipiku kura yake ya turufu. Hapa palikuwa na mwanasiasa mkweli aliyefanya alichoahidi. Kilichokosekana ni upande wa pili wa daftari, yaani kutaja mapema huduma ambazo wananchi walikuwa tayari kuzikosa.

Jirani zetu Kenya wanatupa mfano wa kinyume. Juni 2024 vijana waliukataa Muswada wa Fedha barabarani, watu wakapoteza maisha, na Rais William Ruto akautupa tarehe 26 mwezi huo, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa. Kabla mwaka haujaisha, sheria nyingine za kodi zilipitishwa zikiwa na baadhi ya mambo yaliyokuwemo katika muswada ule. Sisi wa Tanga, ambao mpaka wa Horohoro hauko mbali na habari za Mombasa hutufikia mapema, tuliona kwa macho kwamba kuukataa muswada mmoja hakufuti deni lililouzaa. Pwani hii, kwa kweli, haihitaji kufundishwa kugombana kwa ajili ya ushuru: vita vya Abushiri bin Salim vilianzia Pangani mwaka 1888, Wajerumani walipochukua utawala wa pwani pamoja na forodha zake. Ila ule ulikuwa ugomvi na mgeni aliyekuja kuchukua, na huu wa leo ni ugomvi wa kugawana kilicho chetu.

Njia ya tatu iliyopo hapahapa

Kuna mpinga kodi mwerevu zaidi ambaye hasemi "tusijenge". Husema tujenge bila kodi, kwa hatifungani, yaani mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji na kulipwa kwa riba. Mfano wake uko mlangoni petu. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na wawekezaji walileta zaidi ya kilichoombwa. Fedha hizo zililengwa kupanua uzalishaji na usambazaji wa maji kwa jiji na wilaya za jirani, kutoka chanzo kilekile cha mto Zigi na bwawa la Mabayani.

Ninaiheshimu njia hii. Mradi unaoweza kujilipa kutokana na ankara za wanaoutumia hauna sababu ya kumsubiri mlipakodi wa Sumbawanga. Lakini mgombea asiilete kama fedha ya bure. Kwa kila shilingi 100 iliyokopwa kwa masharti hayo, shilingi 13.50 za riba hulipwa kila mwaka, na mlipaji ni mwenye bomba: mama lishe wa Mwanzange na mwenye nyumba ya wageni Raskazone. Tofauti na kodi ni kwamba asiyetumia maji hayo halipi. Kwa maji, kwa stendi, kwa soko lenye vizimba vya kupangisha, mpango huo unaweza kufaa. Kwa mtaro wa maji ya mvua, taa za barabarani au wodi ya wazazi, hakuna ankara itakayomlipa mkopeshaji, na mgombea anayependekeza hatifungani kwa vitu hivyo ameiga neno bila kuielewa hesabu yake.

Kwa nini diwani ni suala jingine

Sasa nifike kwenye hoja ambayo naona inakosewa zaidi. Halmashauri zetu hazina kodi nyingi, na kila zinapopungua, kinachoondoka kwanza ni sauti. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu waliifananisha na kodi ya kichwa, pamoja na ushuru mwingi mdogo wenye kero. Watu walishangilia, na walikuwa na haki, kwa sababu ilikuwa inamtoza maskini sawa na tajiri na ilikusanywa kwa kukimbizana na watu vichochoroni. (Waingereza walijifunza somo hilohilo kwa uchungu: kodi ya kichwa ya Margaret Thatcher, iliyoanza Scotland mwaka 1989 na kwingineko mwaka 1990, ilizua ghasia London na ikachangia kumwondoa madarakani.) Lakini halmashauri zilipopoteza chanzo hicho, zilizidi kutegemea ruzuku ya Hazina, na anayekupa ruzuku ndiye anayekupangia.

Kodi ya majengo ilifuata njia hiyo. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ukitazama inavyofanya kazi katika nyumba ya kupanga ya Ngamiani, utaona jambo ambalo hakuna mgombea wa upande wowote anayelisema vya kutosha. Mita ni moja, wapangaji ni watano au sita, na umeme huchangwa kwa chumba. Mpangaji ambaye zamu yake imeangukia mwanzo wa mwezi ananunua umeme wa shilingi 5,000, na kabla hata ya uniti kuhesabiwa, shilingi 1,500 zimekwenda kwenye kodi ya majengo. Kisheria mzigo ni wa mwenye nyumba. Kiuhalisia mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam, na mpangaji anayethubutu kumdai 1,500 anajua mazungumzo ya kodi ya pango yatakavyokuwa mwezi ujao. Mpinga kodi angefaa kulisemea hili. Mtetezi wa miradi angefaa kuuliza ni kiasi gani cha hizo 1,500 kinarudi Tanga kutengeneza mtaa ambao nyumba ile imo.

Diwani anayeahidi kufuta vyanzo vya halmashauri, basi, hapunguzi matumizi ya Serikali. Mishahara ya walimu na wauguzi haitoki kwake. Anachopunguza ni lile fungu dogo ambalo Baraza linaweza kuliamulia lenyewe, ambalo ndani yake mna pia asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa kwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro kuibuliwa katika ukaguzi, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Akina mama wa vikundi wanajua kipindi kile cha ukame kilivyokuwa. Mapato ya ndani yakishuka, mikopo inashuka nayo kwa hesabu ya moja kwa moja.

Hilo halimpi mtetezi wa tozo ruhusa ya kumkaba muuza mchicha wa Mgandini. Diwani ninayemwona anafaa ni yule anayeupinga kwa nguvu ushuru mdogo ambao gharama ya kuukusanya inakaribia kinachokusanywa, huku akisimamia kwa macho makavu ushuru wa huduma wa makampuni makubwa yanayofanya biashara ndani ya mipaka ya jiji. Sehemu hiyo ndogo ya mauzo ya kampuni moja kubwa inaweza kuzidi vijitiketi vya soko zima kwa mwaka. Kufuatilia hilo kunahitaji diwani anayesoma taarifa za fedha, jambo ambalo si kipaji cha kila msema chochote wa jukwaani.

Achaguliwe nani

Kwa kura ya ubunge, ikiwa wagombea wawili wanalingana katika uadilifu, ningempa mpinga kodi, kwa sharti kwamba ametaja fungu la matumizi atakalolipinga na amekubali kwamba huenda likawa fungu la kwetu. Bandari ya Tanga imetumia zaidi ya shilingi bilioni 400 katika maboresho yake. Mbunge wa hapa anayepinga matumizi makubwa kila mahali isipokuwa bandarini ni mtetezi wa miradi aliyevaa kanzu ya mwenzake. Aliyekwepa swali la matumizi simpi, hata kama hotuba yake dhidi ya tozo iliuchangamsha uwanja wote wa Tangamano. Hapo afadhali mwenzake, ambaye angalau amesema bei.

Kwa kura ya udiwani ningempa mtetezi wa miradi, lakini yule wa aina ya mhasibu, anayejua ushuru upi una tija na upi ni kero. Mfanyabiashara mwenye duka la jumla anaweza kuona kinyume changu, kwa kuwa ushuru wa huduma unamgusa yeye. Namwelewa, na namshauri amwulize mgombea wake mpinga ushuru mtaro unaopita mbele ya duka hilo utazibuliwa na nani.

Karatasi za kura ni tatu, na hakuna sheria inayotulazimisha tuweke alama kwa fikra moja katika zote. Baada ya kura kuna tarehe mbili za kumpima aliyepita. Halmashauri hupitisha makadirio yake kabla ya Bunge la bajeti kuanza Aprili, na vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa mwananchi anayetaka kuketi nyuma na kusikiliza. Bungeni, mjadala wa Muswada wa Sheria ya Fedha huja Juni, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, siku ambayo viwango vipya vya kodi huanza kutumika, na bei ya mafuta, ya saruji na ya muamala humwonyesha kila mtu mbunge wake alipinga nini.